Vidole Visivyosomeka

Kazini walimwita Mama Povu, naye aliitika. Miaka ishirini na sita alikuwa akifua mashuka katika hoteli ya ghorofa nne, chini kabisa, kwenye chumba cha zege kisicho na dirisha ila matundu mawili ya hewa. Mashine za kufulia zilikuwepo tatu, lakini mashine hutoa uchafu wa kawaida tu. Damu, mvinyo, rangi ya midomo, mafuta ya kujipaka, hivyo vilikuwa vyake. Aliloweka kwenye karai, akamimina dawa ya madoa, akasugua kwa mkono mpaka doa likubali yaishe. Wenzake walisema doa likimwona Mama Povu huondoka lenyewe kwa heshima. Hakuna aliyejiuliza, yeye mwenyewe akiwemo, ile dawa ilikuwa inakula nini kingine zaidi ya madoa.

Alikuja kujua Jumatatu moja, baada ya laini yake ya simu kufungwa.

Kampuni ilikuwa imemtumia ujumbe mara nne kwamba kila mwenye laini akahakikiwe upya kwa alama za vidole. Aliahirisha kama wengi walivyoahirisha, leo mashuka ya harusi, kesho wageni wa semina. Asubuhi hiyo alipotaka kumpigia msimamizi wake, sauti ya mwanamke mpole ikamwambia kwamba laini hii imesitishwa. Akaomba ruhusa ya nusu siku, akaenda.

Dukani kwa kampuni ya simu kulikuwa na kiyoyozi cha kuumiza mifupa, viti vya chuma vilivyoungana, na televisheni ukutani iliyoonyesha watu wanaochekelea simu zao. Mlangoni alipewa karatasi yenye namba themanini na tatu. Aliyekuwa anahudumiwa alikuwa wa arobaini na moja. Akakaa, mkoba mapajani. Ilipofika zamu yake jua lilishapanda utosini. Dirisha la tatu alikaa binti mwenye sauti ya upole na kucha ndefu za rangi ya zambarau, aliyepokea kitambulisho chake kisha akamsogezea kijidude cheusi chenye kioo kinachowaka kijani.

"Weka kidole cha shahada, mama. Kandamiza kidogo."

Akakandamiza, kioo kikageuka chekundu. Akaweka cha mkono wa pili, akaweka gumba, akaweka cha kati, mpaka vikaisha vyote kumi na kioo bado chekundu. Binti akampa kitambaa ajifute. Akakizima kijidude, akakiwasha. Mwishowe alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akatazama ncha za vidole. Zilikuwa laini, zinang'aa, kama kokoto zilizokaa mtoni miaka.

"Mama, mashine inasema hakuna alama."

"Mbona vidole ninavyo?"

"Mimi naviona, mama. Mfumo ndio hauvioni."

Akamweleza kwamba kazi za sabuni kali na dawa hufuta michirizi ya vidole, na kwamba hakuwa wa kwanza. Alimshauri ajipake mafuta, apumzishe mikono wiki mbili, arudi. Au, kama ana haraka, ndugu yake yeyote amsajilie laini mpya kwa jina la huyo ndugu, mambo yaishe.

Mama Povu alisema hataki laini mpya. Anataka namba yake. Akachukua kitambulisho chake na kuondoka.

Kazini habari zilimfikia kila mtu kabla ya chai. Mzee Pasi, mpiga pasi mkuu, mtu wa miaka sitini asiyeweza kuona jambo akaliacha bila utani, alisema kidole kimoja hakivunji chawa, hilo wahenga walisema, lakini vidole kumi visivyofungua laini hilo hawakuliona. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Utani ulipokwisha, Mzee Pasi alimvuta pembeni, akamwambia binti yake angemsajilia laini leo leo, kwani namba ni nini, si tarakimu tu? Akakataa. Mzee Pasi akamuuliza sababu. Akasema ameizoea.

Hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa mtu.

Mama Povu alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Mama alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu na yeye kumi na mitano. Alimbeba mgongoni mpaka wageni wa mtaani wakadhani ni mwanawe, na hakujisumbua kuwasahihisha. Kijana alipokua akawa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mkimya, wa kucheka kwa macho. Yeye ndiye aliyemnunulia dada yake simu ya kwanza na kumchagulia namba yenye saba nyingi, akisema, "Hii hata nikipotea dunia nzima sitaisahau."

Miaka sita nyuma baba yao alifariki. Alizikwa saa tisa alasiri, na mdogo mtu alitokea watu wakiwa tayari wanakung'uta udongo mikononi. Mama Povu alikuwa hajalala siku tatu, na ulimi hauna mfupa. Mbele ya umati wote alimwambia, "Hata wageni wamewahi kumzika baba yako. Wewe umekuja kufanya nini, kula?" Ndugu yake alimtazama. Alivaa kofia yake, akageuka, akarudi alikotoka. Mwezi haukwisha, namba yake ikawa haipatikani tena. Aliuliza kwa madereva wenzake, wakasema kahamia kampuni nyingine, nchi za mbali, hawajui.

Tangu hapo Mama Povu alihama nyumba mara mbili, na kila alikohama kitu cha kwanza kutafuta kilikuwa soketi ya kuchajia simu. Alijiambia hasira ya mtu wa damu moja haina umri mrefu, itakapopoa atapiga. Lakini kumweleza nani? Angemwambiaje Mzee Pasi kwamba anangoja simu ya mtu aliyemfukuza kwa mdomo wake mwenyewe?

Ndiyo maana alihangaika. Aliazima simu ya Mzee Pasi akapiga huduma kwa wateja. Sauti ya kurekodiwa ilimtaka abonyeze moja kwa hili na mbili kwa lile, ikamwambia simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikampigia muziki dakika arobaini, mpaka simu ya wenyewe ikaanza kuwaka moto sikioni. Alipopatikana mtu, alikuwa kijana mchangamfu aliyemuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake mzazi, na namba tano anazozipigia zaidi.

"Hongera, mama, umefaulu hatua ya kwanza," kijana alisema. "Sasa tumekutumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi. Nisomee tarakimu sita."

"Mmeituma wapi?"

"Kwenye laini yako, mama."

"Laini yangu si ndiyo mmeifunga?"

Kwa uchangamfu uleule, kijana akasema kwamba kwa usalama wa mteja namba ya siri haiwezi kutumwa kwingine, na akamuuliza kama kuna jambo lingine angependa kusaidiwa siku hiyo.

Wiki mbili akafua kwa glavu za mpira, na kila jioni alijipaka mafuta mazito, akavaa soksi mikononi kama mtoto mchanga. Aliporudi dukani akapewa namba ya hamsini na sita. Kijidude kikawaka nyekundu mara kumi. Binti wa kucha za zambarau, ambazo safari hii zilikuwa nyeupe, aliomba radhi na kuanza tena habari ya ndugu wa kumsajilia. Hapo maji yalimfika Mama Povu shingoni. Hakupaza sauti. Aliinamia tundu la kioo.

"Mwanangu, kuna mtu mmoja duniani ana namba hii tu. Hana nyingine ya kunipatia. Na mimi sina yake. Akipiga asiponipata, hatapiga tena."

Binti alimtazama, akaacha kuandika. Akaondoka kitini, akaingia ofisi ya nyuma, akakaa muda. Alirudi na karatasi. Ipo njia, alisema, lakini ndefu kidogo: barua ya mwajiri, barua ya ofisi ya mtaa, na cheti cha daktari kuthibitisha hali ya vidole. Vikikamilika, vinakwenda makao makuu, siku saba za kazi.

Akavitafuta. Msimamizi wa hoteli alimwandikia barua siku ya nne, baada ya kukumbushwa kila siku. Ofisi ya mtaa mwenye muhuri alikuwa likizo, akamsubiri mpaka aliporudi. Daktari, mtu mzima aliyechoka, alimkagua mikono, akaguna, akaandika kwamba anathibitisha kuwa mhusika ana vidole kumi, vyote hai, visivyo na alama kutokana na kazi. Mzee Pasi alipousoma ule mstari alitaka kutania, akamwona uso, akaikunja karatasi na kumrudishia.

Kutoka makao makuu karatasi zilirudishwa mara moja kwa sababu ukurasa wa pili haukuwa na muhuri. Zilipopelekwa tena, mfumo ukawa umegoma siku mbili. Kuanzia Jumatatu ile ya kwanza mpaka laini ilipofunguliwa zilipita siku thelathini na nane.

Ilifunguliwa Alhamisi, saa nne asubuhi, yeye akiwa amezamisha mikono kwenye karai. Simu ilitetemeka juu ya rafu ya sabuni. Akajifuta kwa aproni, akaikimbilia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kampuni, kumkaribisha tena. Wa pili na wa tatu ulitoka namba asiyoijua.

"Dada, leo ni siku mbaya. Kama umebadili namba basi mwenye namba hii samahani kwa usumbufu. Kama ni wewe, nipigie."

Na mwingine, wa siku iliyofuata, Jumapili:

"Nimechoka dada. Nina binti. Anafanana na wewe. Basi."

Alisoma amesimama. Akasoma tena. Kisha akapiga, na vidole vilivyolowa vikateleza kwenye vibonyezo mara mbili kabla ya kupata.

Alipokea mwanamke. Mama Povu alijitambulisha, akasema yeye ni dada wa mwenye simu hiyo, ameona ujumbe, anaomba kuongea naye. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtoto akiuliza jambo na kuambiwa ngoja.

"Tumemzika juzi," mwanamke alisema. "Alifariki Jumatatu alfajiri. Mimi ni mkewe. Alikupigia kila siku, dada. Kila siku tangu alazwe. Akaniambia, mwache, bado hajanisamehe."

Mama Povu alijaribu kueleza. Alisema laini ilikuwa imefungwa. Alisema mashine haikuweza kusoma vidole vyake. Maneno yalipokuwa yanatoka aliyasikia mwenyewe, akaona yanavyofanana na uongo wa mtu asiye na hata akili ya kutunga uongo mzuri. Mwanamke hakubishana naye. Alimwelekeza mji, kituo cha kushukia na jina la duka la matairi lililo mbele ya nyumba, kisha akasema ana watu, akakata.

Mzee Pasi alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bomba la maji linamwagika. Alilifunga. Safari hii hakuuliza sababu. Alimwinua, akaenda mwenyewe kwa msimamizi kumwombea ruhusa.

Ijumaa alisafiri kutwa nzima kwa basi. Saa nane mchana, katikati ya mashamba asiyoyajua, simu yake iliita na moyo ukamruka, kwa maana moyo ulikuwa bado haujapata habari ambayo kichwa kilikuwa nayo tangu jana. Ilikuwa sauti ile ya kurekodiwa. Ilimtaka mteja mpendwa aeleze ameridhishwa kiasi gani na huduma aliyopata karibuni: kama ameridhika sana abonyeze moja, kama ameridhika kiasi abonyeze mbili. Aliisikiliza mpaka mwisho. Hakubonyeza kitu. Ikamshukuru kwa muda wake.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la matairi. Shemeji zake, asiowahi kujua kwamba anao, walikuwa wameanza kutawanyika. Mke wa marehemu alikuwa fundi cherehani, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu. Cherehani yake ilikuwa imesukumwa kona na kufunikwa shuka. Alimpokea mgeni kwa adabu zote, akampa maji ya kunywa na maji ya kunawa, akamtandikia mkeka. Lakini hakumtazama usoni. Mtoto, wa miaka minne, alisimama mlangoni ameng'ata kola ya gauni lake. Ni kweli alifanana naye, lile paji, ile midomo iliyobana.

Wakaenda kaburini kabla jua halijazama. Udongo ulikuwa bado mbichi. "Tulichelewesha mazishi mpaka saa kumi," mke alisema. "Nilisema huenda dada yake akatokea. Watu wakachoka kusubiri."

Mama Povu alipiga magoti. Alikuja na maneno, njia nzima alikuwa akiyapanga. Pale aliweka tu kiganja juu ya udongo.

Waliporudi, mke alitoa simu ya marehemu kutoka sandukuni, akaifungua mahali pa ujumbe uliotumwa, akamkabidhi na kwenda kuosha vyombo. Zilikuwa jumbe kumi na moja. Mbili za mwisho alishazijua. Zile tisa zilizotangulia zilikuwa zimekaa njiani siku nyingi mno, kampuni ikazitupa.

Wa kwanza ulisema: "Dada, ni mimi. Naumwa figo. Niko wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Ukipata nafasi." Mwingine ulisema: "Simu yako haipatikani au umenifungia? Kama umenifungia una haki." Mwingine: "Mashuka ya hapa yana madoa, ungeyaona ungefukuza watu kazi." Huo ulimchekesha, kicheko kikatoka kabla hajakizuia, na mke akageuka kumtazama kutoka kwenye beseni la vyombo. Kisha: "Sitaki kitu. Nataka tu kusikia sauti, hata ukinigombeza."

Alipomaliza kusoma alikaa na ile simu mapajani mpaka taa yake ikazimika. Mke alikuja akaketi upande wa pili wa mkeka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mligombana nini?" aliuliza. "Miaka mitano nimekaa naye, hakuwahi kuniambia. Alisema tu ulikasirika."

Mama Povu akamweleza. Hakupunguza kitu. Alimweleza habari ya mazishi ya baba yao, umati uliokuwepo, na maneno yenyewe neno kwa neno, hata lile la kula.

Mke alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Gari lilimharibikia njiani," alisema mwishoni. "Hilo aliniambia, ila sikujua lilikuwa la siku hiyo. Gia zilivunjika alfajiri, porini, hakuna gari linalopita. Alimwachia utingo lori, akatembea kwa miguu mpaka mchana. Viatu vya kazi vikamchubua visigino mpaka soksi zikashikana na damu. Alisema alipofika alikuta mambo yamekwisha, na hakuna aliyemtazama miguu."

Kwenye duka la mbele mtu aligonga ringi ya gurudumu, akagonga tena, akaacha.

"Angeniambia," Mama Povu alisema.

"Hukumuuliza."

"Ndiyo. Sikumuuliza."

Alikaa siku tatu. Alichota maji, akapokea waliochelewa kuja kutoa pole, akamchana mtoto nywele, maana mtoto alikubali siku ya pili, bila kuulizwa na mtu, kuja kukaa kati ya magoti yake. Yeye na mke waliongea mambo ya nyumba tu. Mara moja, wakiwa wanakunja nguo za marehemu, mke alimkazia macho vidole, akavitazama vinavyopita juu ya kitambaa, akafumbua mdomo kama anataka kuuliza. Akaufumba. Mama Povu aliona, na hakumnyooshea mikono. Ingekuwa kama kujitetea kwenye nyumba ya msiba.

Jumatatu walimsindikiza kituoni, mama na mtoto. Basi lilikuwa linapakia mizigo juu. Mke alimshikia mkoba wakati anapanda ngazi, akampatia, lakini mkono wake ukabaki kwenye mpini.

"Ile habari ya mashine na vidole," alisema, "sijui. Nimeifikiria siku zote hizi. Kuna saa naamini, kuna saa namkumbuka alivyokuwa anaitazama ile simu, nashindwa. Naomba muda, wifi."

"Chukua," Mama Povu alijibu. "Chukua wote."

Akapata kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kurudi nyuma aliwaona chini, mama ameinama anamtoa mtoto kola mdomoni, anamwonyesha upande wa kupunga mkono. Mtoto akapunga upande usio wake, kwa basi jingine. Tangu Alhamisi Mama Povu hakuwa amelia. Kulikuwa na safari, kulikuwa na wageni, kulikuwa na nywele za kuchana. Sasa hakukuwa na kazi yoyote mikononi mwake mpaka jioni. Jirani yake wa kiti, mwanamke mnene mwenye kikapu, alimtazama mara moja, akasogeza kikapu chake, akampisha nafasi, na basi likaingia barabarani.